Mishale inaenda kushoto kila saa? Usianze kufungua skrubu, soma hii kwanza

Wadau wa upinde wa Arusha na Moshi, nawasalimu. Jumamosi asubuhi huwa tunakutana wachache huku Moshono kwenye shamba la jamaa yetu, tunapiga mishale kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza, na karibu kila wiki anakuja mtu mpya na upinde aliotumiwa na ndugu yake au kaagiza mwenyewe, anapiga mishale kumi halafu ananiambia kaka huu upinde una shida. Namuuliza shida gani, anasema hauendi sawa. Sasa hapo ni kama umeenda hospitali ukamwambia daktari naumwa halafu ukanyamaza. Upinde unaongea aisee, unakwambia kabisa panapouma, ila lazima ujue kusoma dalili, na kabla ya hapo ujue anayeumwa ni upinde au ni wewe mwenyewe.

Naongelea upinde wa kawaida wa kufunga na kufungua, ule wenye mpini katikati na mbawa mbili za kukaza na skrubu, maana ndio wengi wanaanza nao. Ule wenye magurudumu una mambo yake, sitaugusa. Na kila nikisema kushoto au kulia namaanisha mtu anayevuta uzi kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa kushoto. Wewe wa shoto geuza kila kitu.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaenda mbali: hakuna kurekebisha upinde kama mishale haijakaa fungu. Fungu kama lile la nyanya pale Kilombero sokoni, zimekaa pamoja. Piga mishale sita kutoka mita 10, ikikaa pamoja hata kama ni kwenye kona ya gunia tunalopigia huko, basi upinde huo unarekebishika. Ikitawanyika ukaanza kugusa skrubu unajiongezea mzigo, sababu hutajua kilichobadilika ni upinde au ni mkono wako. Nasema hili kwa uchungu kabisa, mwaka wangu wa kwanza niliupoteza karibu wote kuhamisha resti, kile kijidude cha kulazia mshale kwenye mpini, huku na huku, kumbe kila siku nilikuwa naweka mkono sehemu tofauti usoni.

Mishale imetawanyika kila upande

Hapa sababu ya kwanza, na nitaisema mpaka nichoke, ni upinde mzito kuliko misuli yako. Watu wanaagiza paundi 40, yaani nguvu ya kuuvuta sio uzito wa kuubeba, sababu wanaona wana nguvu, wanabeba magunia, wanapanda Meru, lakini misuli ya kuvuta upinde iko mgongoni katikati ya mabega na haijawahi kufanya hiyo kazi. Mtu mzima anayeanza, paundi 20 hadi 24 zinamtosha kabisa, mtoto wa shule ya msingi 12 hadi 16. Jipime hivi: weka mshale, elekea kwenye gunia, vuta mpaka mwisho, halafu tulia hapo ukihesabu hadi kumi na tano taratibu. Kama ncha ya mshale inatetemeka, au bega limepanda mpaka sikioni, huo upinde ni wa mwakani. Tafuta mbawa nyepesi, mpini unabaki ule ule, na kwa kweli hiyo hela haipotei. Ila ukimaliza kuhesabu usiachie uzi ukiwa huna mshale, hata siku moja! Nguvu inayotakiwa kuondoka na mshale inarudi kwenye mbawa na zinaweza kupasuka hapo hapo usoni kwako. Rudisha uzi polepole.

Na ile namba iliyoandikwa kwenye ubawa usiiamini moja kwa moja. Imepimwa kwa mtu anayevuta inchi 28. Ukivuta inchi 26 unapata kama paundi 4 pungufu, ukiwa mrefu unavuta 30 unazidisha kama hizo hizo. Kuna dogo mrefu sana alikuja na upinde wa paundi 28 anasema ni mwepesi huu, tukapima kwa mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia nyama, ukasoma karibu 33. Ndio maana alikuwa anachoka mshale wa kumi na tano.

Kama uzito uko sawa, angalia kituo, yaani pale mkono wa kuvuta unapotulia usoni. Lazima pawe pale pale kila mara, kidole cha shahada kwenye pembe ya mdomo au chini ya kidevu, chagua kimoja ukae nacho. Kumbuka hakuna kitu nyuma ya mshale kinachokusaidia kulenga zaidi ya uso wako, kwa hiyo mkono ukishuka sentimita moja ni sawa na kuhamisha nyuma ya bunduki. Na mdomo ufunge, meno yagusane. Mtu akifungua mdomo kidevu kinashuka, mkono unashuka nacho, nyuma ya mshale inakuwa chini na mshale unaenda juu, anabaki anashangaa.

Halafu kuna ile mishale mitano inakaa vizuri na mmoja unaruka peke yake. Wengi wanasema nimekosea huo. Labda, ila usibahatishe, chukua makapeni uandike namba 1 hadi 6 kwenye mishale, piga raundi tano sita, na uandike ni namba gani inaruka. Ikiwa ni namba 4 kila raundi, mgonjwa ni namba 4. Uzungushe juu ya kucha mbili au kwenye kioo cha meza uone kama ncha inacheza, angalia noki, kile kijidude cha mkiani chenye mpasuo wa kushika uzi, kama ina ufa au imekaa upande, angalia manyoya kama limoja limeachia gundi. Wahadzabe wa kule Eyasi upande wa Karatu, mshale ukipinda wanaupasha moto halafu wananyoosha kwa meno, jicho linaangalia urefu wote, hawatoki kuwinda na mshale ambao hawajaukagua. Sisi tuna mishale ya dukani iliyonyooka tayari na bado hatuikagui.

Fungu lipo zuri, ila lipo pembeni

Hongera, hapa umeshafika mbali kuliko unavyodhani. Kama una saiti, kile kifaa cha kulengea kinachofungwa kwenye mpini, fuata mishale: ikienda kushoto peleka saiti kushoto, ikienda juu peleka saiti juu. Watu wengi wanapeleka kinyume sababu akili inasema nataka kurudi kulia basi nisogeze kulia, hapana, unaifuata ilipo. Kidogo kidogo, halafu piga mishale sita tena kabla ya kusogeza mara ya pili.

Lakini kama fungu lipo kushoto mbali sana, nusu mita kutoka mita 10, usiguse saiti. Pima jicho kwanza. Nyoosha mikono yote mbele, tengeneza kijitundu kati ya viganja, angalia kupitia hapo kitu cha mbali, labda kilele cha Meru kama kuna mwanga, au Kibo kama uko Moshi na mlima umejifunua, kisha vuta mikono mpaka usoni bila kukiacha kile kitu. Tundu litakuja kwenye jicho lako kuu. Kama unavuta kwa kulia na jicho kuu ni la kushoto, unalenga kwa jicho ambalo haliko juu ya mshale, na mshale utaenda kushoto maisha yako yote. Dawa ni mbili tu, fumba jicho la kushoto, au jifunze kuvuta kwa kushoto kuanzia leo. Ukiwa ndio kwanza una wiki mbili tatu mimi nakushauri hiyo ya pili, mwanzoni inaudhi lakini mwezi ukiisha umeizoea.

Kushoto kidogo, kulia kidogo, na mshale unatikisa mkia

Hapa ndio penye utamu, kwa hiyo tukae.

Kwanza mkono. Mkono wa kushoto ukikamata mpini kama unashika jembe, ukiachia uzi mpini unazunguka na mshale unaenda kushoto. Mpini haukamatwi, unasukumwa na nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vinalegea kabisa. Unaogopa upinde utaanguka, ni kweli, ndio maana kuna kamba ya kufunga kidole na mpini, na ukikosa tumia kamba ya kiatu, tunafanya hivyo wote. Pili vidole vya kuvuta: ukiachia kwa kufungua mkono kwenda nje, mbali na shavu, uzi unaondoka kwa mchepuko na mshale unaenda kushoto tena. Mkono unatakiwa urudi nyuma ukipapasa shavu mpaka chini ya sikio. Muombe mtu akurekodi na simu kwa mwendo wa polepole, utaona mwenyewe, maneno ya mwalimu hayatoshi.

Ukishamaliza hayo, mshale sasa. Mshale ukiachiwa unapinda, unajikunja kama nyoka ukizunguka mpini halafu unajinyoosha njiani. Kwa hiyo ugumu wake, ambao unaitwa spaini, lazima ulingane na nguvu ya upinde. Mshale wa kaboni una namba kama 500, 700, 1000, na namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi, watu wanachanganya sana hapa wanadhani kubwa ndio ngumu. Hiyo namba inatokana na mshale kushikwa sehemu mbili zenye nafasi ya inchi 28 ukaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, ukizama inchi moja kamili ni 1000, ukizama nusu inchi ni 500. Mtu wa paundi 24 hadi 28 mara nyingi anaangukia kwenye 900 au 1000, sasa akipewa 400 za mtu wa upinde mkubwa ni kama anatupa nondo.

Kujua kama spaini inakufaa, tunatumia kipara. Kipara ni mshale ule ule, urefu ule ule, ncha ile ile, ila umetolewa manyoya. Manyoya kazi yake ni kuunyoosha mshale njiani, kwa hiyo yanaficha makosa, ukiyatoa unaona ukweli. Piga mishale mitatu yenye manyoya na vipara viwili, kutoka mita 18, zote ukilenga sehemu moja. Kama huwezi kupata fungu mita 18 fanya kwa 10, majibu yatakuwa hafifu kidogo ila yatakuwepo.

Kipara kikienda kushoto ya wenzake, mshale ni mgumu mno. Kikienda kulia, ni laini mno. Mshale mgumu unaulainisha kwa kuweka ncha nzito zaidi, mfano kutoka greni 100, ambayo ni kama gramu sita na nusu, kwenda 120 au 125. Mshale laini unaugumisha kwa ncha nyepesi au kwa kuukata. Kukata angalia sana, nusu sentimita halafu unajaribu tena, maana hakuna kuurudisha, na usikate kwa msumeno wa mkono, kaboni inachanika nyuzi nyuzi. Nenda kwa fundi mwenye grainda yenye jiwe jembamba, vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta. Na hata ukate vipi, ukiwa umevuta mpaka mwisho ncha lazima ibaki mbele ya resti, kwa anayeanza acha inchi mbili nzima. Mshale mfupi ukidondoka nyuma ya resti unapiga mkono wako wa kushoto, na hilo si jambo la bandeji.

Kama tofauti ni ndogo, upana wa kiganja hivi, na upinde wako una batani ya springi pembeni ya resti, ile mshale unaoiegemea, kaza au legeza batani tu, usihangaike kununua mishale mingine. Kipara kushoto, legeza. Kipara kulia, kaza. Robo raundi, sio zaidi.

Mshale unapanda na kushuka njiani kama pomboo

Mkia ukicheza juu chini badala ya kushoto kulia, spaini haihusiki, tafuta kifundo, kile kijidude kwenye uzi kinachoonyesha noki ikae wapi. Weka skwea ya fundi seremala kwenye uzi na resti, kifundo kiwe juu ya usawa kwa milimita kama 10 hadi 12, hapo ndio pa kuanzia. Halafu kipara tena: kipara kikiingia chini ya wenzake kifundo kiko juu mno, shusha, kikiingia juu kifundo kiko chini mno, pandisha. Milimita moja moja jamani. Mimi situmii vile vya shaba vya kubana, nafunga kwa uzi wa kusafishia meno, unapatikana famasi yoyote mjini, una nta tayari, unazungusha mara kumi unafunga, na ukitaka kuhamisha unausokota kama nati unapanda au kushuka wenyewe.

Hakikisha pia lile nyoya la rangi tofauti linatazama nje, mbali na mpini. Likitazama ndani linagonga mpini na mshale unatetemeka mara tu unapotoka. Ukiwa na wasiwasi kama linagonga, paka poda ya mtoto kwenye resti na mpini, piga mmoja, angalia poda imefutika wapi.

Upinde unapiga kelele, uzi unanichapa mkono

Hivi viwili mara nyingi vinatoka sehemu moja, kimo cha uzi. Ni umbali kutoka uzi mpaka sehemu ya ndani kabisa ya mpini, upinde ukiwa umepandishwa, yaani umefungwa uzi. Upinde wa urefu wa inchi 68 unataka kama inchi 8 na nusu hadi 9, wa 66 unataka robo inchi chini ya hapo. Kimo kikiwa chini uzi unasafiri mbali zaidi, unafika mkononi, na mbawa zinapiga makofi. Shusha upinde, yaani ulegeze uzi, toa kichwa kimoja cha uzi, usokote raundi tano, pandisha, pima. Kusokota kunafupisha uzi na kimo kinapanda, kufungua kunarefusha. Sikiliza sauti, kuna mahali upinde unatulia ghafla, unasikia kishindo kidogo tu cha chini, hapo ndio nyumbani kwake, andika hiyo namba ndani ya kifuniko cha begi. Uzi mpya unajinyoosha siku za mwanzo, kwa hiyo pima kabla ya kila zoezi kwa wiki mbili.

Kimo kikiwa sawa na bado unachapwa, ni kiwiko. Nyoosha mkono, zungusha kiwiko ili ile sehemu ya ndani itazame pembeni na sio juu. Dada mmoja kutoka Moshi alikuwa anaenda kazini na michubuko mpaka wenzake wakaanza kumuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani, ilichukua dakika tano kumwonyesha kiwiko na hajachapwa tena. Vaa kinga ya mkono lakini, hata ukijua.

Mshale unadondoka kwenye resti nikivuta

Unabana noki kwa vidole. Acha nafasi kati ya kidole cha shahada na cha kati, uzi ukae kwenye viungo vya kwanza, na kiganja kiwe bapa. Kama bado, noki imelegea: ning'iniza mshale kwenye uzi ncha ikitazama chini, ukae wenyewe, ugonge uzi kidogo na kidole, udondoke. Usipokaa imelegea, usipodondoka inabana.

Jana nilikuwa napiga vizuri, leo hapana

Kabla hujasingizia mwinuko, Arusha tuko kama mita 1,400 na hewa ni nyepesi kuliko Tanga, lakini kwa mita 20 hutaona tofauti yoyote. Angalia vitu vya karibu. Uliacha upinde kwenye gari? Jua la Moshi saa nane mchana kwenye gari iliyofungwa vioo linaachanisha tabaka za mbawa, na linalegeza gundi ya ncha. Simamisha upinde uliopandishwa, angalia kutoka nyuma, uzi upite katikati ya mbawa zote mbili. Ukipita pembeni juu au chini ubawa umejipinda, na mara nyingi ni sababu mtu aliupandisha kwa kukanyaga na mguu, tumia kamba ya kupandishia kila siku. Kama ni masika na manyoya yako ni ya ndege kweli, yakilowa yanalala na mshale unashuka, basi siku hiyo subiri yakauke. Uzi upake nta ya nyuki, ile wanayouza wafuga nyuki, ukiona umeanza kuwa na manyoya manyoya kama sweta la zamani.

Na kila mshale ukigonga jiwe au kugongana na mwenzake, kabla haujarudi kwenye uzi ushike ncha na mkia, uukunje kidogo kuelekea nje ya uso wako huku unauzungusha, sikiliza. Ukisikia hata mlio mdogo wa kukatika, au kucha yako ikikwama kwenye ufa, vunja huo mshale vipande viwili palepale, usije ukaokotwa na mtoto akaupiga.